Nukta Moja, Nukta Mbili

Jumapili, mchana

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakusalimia mapema kabisa, kwa sababu nikitangulia na yaliyonijaa moyoni, salamu itakosa pa kukaa. U hali gani? Mgongo bado unakusumbua ukikaa sana ofisini, au umeshanunua kile kiti ulichokuwa unakisifia? Wifi hajambo? Na binti yenu, meno ya mbele yameota? Mara ya mwisho alinionyesha pengo lake kwenye simu, akaniuliza kama shangazi naye aliwahi kuwa na pengo. Mwambie nilikuwa nalo, tena kubwa kuliko lake, na ushahidi upo kwenye picha, kama mama yake hajaukata.

Hapo umeshajua ninaelekea wapi.

Mimi mzima. Nyumba nayo nzima, ukiacha bomba la jikoni, ambalo bado linadondosha tone moja kila ninapokaribia kusinzia. Shuleni tumefika kwenye ramani za milima, na kama kawaida nusu ya darasa inaona minyoo mahali ambapo mimi nasema pana kilele. Ijumaa mmoja aliniuliza, mwalimu, wewe unaonaje mlima hapa wakati karatasi ni bapa? Nilimjibu kwa ukali usiomstahili. Utaelewa sababu ukifika mwisho wa barua hii.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Alhamisi nilikupigia, ukacheka. Ulisema, mdogo wangu, picha ni picha, wewe si una nakala zako, wacha wifi yako apambe nyumba. Nikakata simu, nawe bila shaka ukamwambia mkeo kwamba mwalimu leo kaamka na zake. Barua huwezi kuichekea katikati ya sentensi nikakusikia. Na humu ndani ya bahasha kuna kitu ambacho hakipiti kwenye simu.

Kaka, ile picha ya fremu mliyonitumia nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Duara nne, zimechorwa kwa kuzungushia kalamu kwenye mdomo wa kikombe, zikakatwa kwa mkasi, zikabandikwa kwa gundi. Kwenye duara ya juu yupo Mama, kichwa na bega moja. Najua ni picha ipi. Ni ile ya nyuma ya nyumba, Mama anaanika shuka, mkono wa kulia umeinuliwa na kibanio kiko kati ya vidole. Mkono uko wapi? Kamba iko wapi? Shuka liko wapi? Nataka kujua kama mkono wa mama yetu uko kwenye ndoo ya taka ya jikoni kwenu, pamoja na maganda ya viazi. Na ukaandika chini, kwa furaha kabisa, kwamba nne tayari na zilizobaki zitakatwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu naona umesahau, na aliyesahau hukumbushwa, hatukanwi, ingawa leo nimejiandaa kwa yote mawili.

Unaikumbuka kazi ya Baba kwenye ofisi ya ramani. Alikuwa akiletewa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, mbili mbili, za eneo lile lile, ndege ikiwa imesogea kidogo kati ya ya kwanza na ya pili. Anaziweka mezani ubavu kwa ubavu, chini ya kile chombo cha lenzi mbili chenye miguu minne, anainama, na milima inamwinukia usoni. Alirudi nyumbani akiwa na alama mbili nyekundu juu ya pua, akimsimulia Mama mabonde aliyoyaona kana kwamba ametoka kuyapanda kwa miguu. Chombo chenyewe kilikuwa cha ofisi, na mlinzi wa getini alikuwa hodari wa kukagua mikoba. Ndipo akatengeneza chake: sanduku la viatu vya Mama, lenzi mbili za miwani ya kusomea iliyovunjika mkono, kadibodi ya katoni ya sabuni kusimama katikati, ili jicho moja lisichungulie mambo ya mwenzake, na vibanio viwili vya nguo vya kushikilia picha upande wa pili. Mama alilalamika wiki nzima kwamba sasa viatu vyake vinalala nje na nguo zake zinaokotwa mtaani.

Na kupiga picha kwenyewe je? Simama hapo, usipumue. Baba anaweka uzito wote mguu wa kushoto, kacha. Anahamishia mguu wa kulia, kacha. Basi. Upana wa kutoka jicho hadi jicho. Mshona viatu wa jirani alipomwona mara ya tatu akiyumba vile mbele ya mke wake, alimbatiza Bwana Yumbayumba, na jina likamganda mpaka kaburini. Akisafisha picha alizitaka ndogo, za upana wa vidole vinne. Nyuma ya kila moja aliweka alama kwa wino: nukta moja kwa ya jicho la kushoto, nukta mbili kwa ya jicho la kulia. Alisema herufi hazimfai, maana kushoto na kulia zote zinaanza na herufi moja, na yeye hataki kukosana na alfabeti.

Wewe ndiye ulikuwa bingwa wa lile sanduku. Ulikuwa unaingiza uso, unalegeza macho, halafu unapiga kelele kwamba kamba inakugusa pua. Ulikuwa unanyosha mkono hewani kulishika shuka, na Mama anakuchapa kiganja akikuuliza kama unataka alifue mara ya pili. Unakumbuka ile siku Baba alipozipanga kinyume kwa makusudi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia? Ulipaza sauti kwamba ukuta umekuja mbele na Mama amezama ndani yake, amebaki shimo lenye umbo la mtu. Tulicheka mpaka Mama mwenyewe akatoka jikoni kuja kuhakikisha bado yuko nje ya ukuta. Iweke siku hiyo akilini. Nitairudia.

Sasa nikueleze jinsi zilivyogawanywa, kwa sababu wewe uliisikia kwenye simu tu, na asiyekuwepo na lake halipo, ingawa lako lilikuwepo, tena lilipimwa.

Unamjua Shangazi Mizani. Hakupewa jina hilo bure. Ndiye aliyetugawia yai moja la kuchemsha kwa uzi, ili kiini kisizidi upande wowote. Wiki ya tatu baada ya mazishi ya Baba alikuja na daftari, akakaa mkekani sebuleni, akatandika khanga, akaanza. Baba mdogo alikuwepo, mshona viatu alikuwepo, na wale majirani wawili wa nyumba ya pili. Alipofika kwenye kopo la biskuti akalifungua, akatoa picha mbili za juu, akazitazama, akazigeuza, akaziona nukta. Kaka, alitoa sauti iliyomfanya baba mdogo ainuke kwenye kiti. Akasema, hebu mwoneni kaka yangu! Alijua! Kila picha kachapisha mbili, akaweka na alama, nukta moja mtoto wa kwanza, nukta mbili mtoto wa pili. Wenzenu hufa wakaacha watoto wanagombania vijiko, huyu kagawa mwenyewe akiwa hai!

Sebule nzima ililia. Baba mdogo alivua miwani. Mshona viatu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba kumbe Bwana Yumbayumba aliyumba miguu tu, akili ilisimama wima. Na Shangazi akaanza kuzigawa mbili mbili kama anayegawa karata: hii ya kaka, hii ya dada, hii ya kaka, hii ya dada. Arobaini na sita kwako, arobaini na sita kwangu. Akakupigia, akaweka sauti ya juu, nawe ukasema, sawa Shangazi, fanya utakavyoona. Akafunga daftari, akashusha pumzi ndefu. Hajawahi kugawa kitu kwa usawa ule maishani mwake.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kuna haki inayoharibu kuliko dhuluma. Angekuwa mwenye upendeleo, akakupa wewe zote kwa kuwa ni mwanamume na ni mkubwa, ningelia, lakini leo zingekuwa nzima. Kwa usawa wake ametugawia kandambili: mmoja ya kushoto, mwingine ya kulia, na sote tuko peku.

Lakini Shangazi simlaumu sana. Alikuwa akija kututembelea anakataa hata kulisogelea sanduku, anasema litampa kizunguzungu. Wewe ulikuwa na uso wako ndani yake kila Jumapili. Bahasha ilipokufikia, ukatoa picha arobaini na sita, zote zina nukta moja, hakuna hata moja yenye mbili, na hukujiuliza chochote? Hukukumbuka mguu wa kushoto, kacha? Umesoma, una kompyuta mbili mezani kwako, unawaeleza wakubwa zako hesabu za madaraja, na hukukumbuka kwamba baba yako hakuwa mtu wa kupoteza karatasi kwa kuchapisha kitu kile kile mara mbili? Hizo si nakala. Zitazame. Kwenye yako kichwa cha Mama kiko karibu na fremu ya dirisha, kwenye yangu kimesogea. Tofauti ni ya upana wa kucha, na kwenye upana huo wa kucha ndimo alimokaa mama yetu. Kokote kwingine ni bapa kama mwanafunzi wangu alivyosema.

Wifi naye simlaumu, umwambie hivyo kwa maneno yangu. Ana mikono safi na alitaka nyumba yenu iwe na wakwe zake ukutani. Ila kikombe chake nimekilaani.

Sasa fungua tena bahasha. Ndani ya karatasi ya nailoni kuna picha moja, nukta mbili. Ni Mama amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, beseni mapajani, anamenya vitunguu, na mguu mmoja ameunyosha kuelekea kwenye kamera. Yenye nukta moja unayo wewe, na kwa kuwa haikuwemo kwenye zile duara nne, najua bado nzima. Itafute. Halafu chukua miwani ya kusomea ya mama mkwe wako, uivae. Chukua katoni yoyote, kata kipande kirefu kama kutoka ncha za vidole vyako hadi karibu na kiwiko. Ziweke picha mezani zigusane, yako kushoto, yangu kulia. Simamisha kadibodi juu ya mstari zinapokutana, uegemeze pua kwenye ukingo wake wa juu, kila jicho likae na picha yake. Usizikazie. Legeza macho, kama unavyofanya mgeni anapokusimulia jambo ulilokwisha kulisikia. Zitaanza kutembea, kila moja ikimfuata mwenziwe. Zikikutana usizikimbize, subiri. Kwanza zitakuwa na ukungu, kisha ngazi itarudi nyuma na unyayo wa Mama utatoka mezani. Uniandikie umefika wapi. Ulikuwa unasema unakufika kidevuni.

Umeona jinsi ninavyoyajua maelezo hayo. Ningeweza kuyaandika gizani. Nimeyasikia Jumapili zote za utoto wangu, neno kwa neno, na ndiyo maana sasa lazima nifike mahali ninapoogopa kufika.

Kurasa zote hizi nimekasirika, na hasira yangu ni ya kweli. Lakini ukiwapanga niliowakasirikia, utaona kuna mmoja sijamtaja. Nilikuwepo mkekani, Kaka. Nilikaa kushoto kwa Shangazi, na ni mimi niliyekuwa nampokea picha na kuzipanga marundo mawili. Niliziona nukta kabla yake. Nilijua maana yake. Neno moja lingetosha, sentensi moja fupi. Na Shangazi aliniuliza! Alinigeukia, machozi yanamtiririka, akasema, au vipi, mwanangu? Nikasema, ndiyo Shangazi.

Ningesema ukweli, wangeniambia nilete sanduku niwaonyeshe. Baba mdogo angetazama, mshona viatu angetazama, wote wangeshangaa, halafu sanduku lingefika kwangu na mtu angeniuliza, nawe unaona nini? Na mimi sioni kitu. Sijawahi kuona, hata mara moja. Ninapoingiza uso mle ndani naona picha moja bapa, na nyingine inazimika. Kila Jumapili nilisubiri wewe upige kelele, kisha nikapiga kelele zako kwa sauti yangu. Ulisema kamba inakugusa pua, nikasema inanigusa paji la uso, ili nionekane nina yangu. Niliamini ni jambo ambalo watu wazuri huliona na wabaya hawalioni, na nilikuwa na miaka sita.

Tena si hilo tu. Ile kazi ya ofisi ya ramani, ambayo niliwaambia nimeikataa kwa sababu sitaki kuishi kwenye kivuli cha Baba, ukanisifu mbele ya rafiki zako kwamba mdogo wangu ana msimamo, ile kazi ndiyo iliyonikataa. Walinipima. Waliniwekea karatasi ya vidoti chini ya kile chombo chenye miguu minne, wakaniuliza kipi kimeelea juu. Nilikisia. Mpimaji alikuwa dada mpole. Akaniambia jicho langu la kulia ni zima, ila tangu utotoni ubongo umeacha kulisikiliza, na sasa umri umepita. Nilimwambia Baba kwamba nimebadili mawazo, nataka kufundisha. Alitikisa kichwa taratibu, akasema ualimu ni kazi nzuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kopo la biskuti.

Na bado sijamaliza. Kuna jambo baya zaidi, na nisipoliandika leo sitaliandika tena. Shangazi alipokuwa akizitenganisha, hii ya kaka, hii ya dada, mimi nilifurahi. Kwa mara ya kwanza hakuna ambaye angeona zaidi yangu. Ulipokaa na rundo lako kule na mimi na langu hapa, tulikuwa sawa. Nilikuacha upofuke, Kaka, kwa makusudi, kwa sababu nilichoka kuwa peke yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye picha hiyo ya fremu mkasi ni wa wifi lakini mkono ni wangu.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi, baada ya kukukatia simu. Sanduku la viatu ninalo mimi. Shangazi aliniachia bila kuliandika kwenye daftari, alisema lina matundu mawili, litanifaa kuwekea vitunguu visioze. Nililichukua nikalitupe. Nilikuwa na hasira na wewe, na mimi, na hata na vibanio. Nikaing'oa ile kadibodi ya katikati kwa nguvu, nikakuta kumbe ilikuwa ya matabaka mawili, na katikati yake kulikuwa na kitu.

Picha mbili zimebanwa pamoja kwa pini upande wa juu, kama kitabu cha stakabadhi chenye kurasa mbili tu. Ya chini imebandikwa kwenye kadi ngumu. Ni Mama wa shuka, yule yule mliyemkata, lakini huyu ni mzima, ana mkono na kibanio na kamba. Nyuma kuna mwandiko wa Baba na mwaka nilioanza sekondari, miaka minne baada ya Mama kufariki. Ameandika: Kwa kitinda mimba. Fumba jicho lolote, kisha peperusha.

Nilikaa sakafuni jikoni. Nikafumba la kulia, lile lisilosikilizwa. Nikaweka kidole gumba chini ya picha ya juu, nikaipandisha na kuishusha, haraka haraka, Mama huyu, Mama yule, Mama huyu, Mama yule. Mwanzo niliona karatasi inatikisika. Kisha Mama akayumba. Mkono wake ulisogea na ukuta ukabaki. Bega likaja, dirisha likaenda. Shuka lilikuwa huku na yeye alikuwa nyuma yake kidogo na ukuta ulikuwa mbali kule, na kati ya mkono wake na ukuta kulikuwa na hewa. Hewa tu, Kaka, ya kuweza kupitisha mkono. Nilipeperusha mpaka kidole kikafa ganzi. Nina miaka ishirini na saba, nafundisha milima, na sikujua kwamba mama yangu alikuwa amesimama mahali.

Kwa hiyo Baba alijua. Nami najua alijua lini. Rudi kwenye ile siku ya picha kinyume. Kabla hujapiga kelele zako za ukuta, Baba aliniuliza mimi kwanza, na mimi nikaingiza uso nikajibu kwa mbwembwe kwamba Mama yuko mbele kabisa, naweza kumshika. Ndipo ukachukua sanduku ukasema amezama ukutani. Mlinicheka, mkidhani nafanya mzaha. Baba hakucheka. Alinitazama kidogo, akafuta lenzi kwa pindo la shati lake ingawa zilikuwa safi. Tangu Jumapili ile hakuniuliza mimi kwanza tena. Kila mara alianza na wewe, ili nipate cha kufuatisha. Mimi nilidhani anakupendelea. Nimekuonea kijicho kwa hilo miaka kumi na tisa, nalo pia liwemo kwenye barua hii, nisije nikaandika nyingine.

Nina hasira naye pia, na umauti haujamnusuru. Alikaa na kile kijitabu miaka yote ile, akakificha ukutani mwa sanduku alilojua siligusi kwa mapenzi, akasubiri. Alisubiri nini? Nadhani alisubiri niseme sioni. Angenipa tu kabla sijasema, angekuwa amenionyesha kwamba ananijua mwongo, na hilo hakuliweza. Tulikula meza moja, yeye analinda aibu yangu na mimi nailinda, na Mama yuko ndani ya kadibodi anatungoja.

Basi ninachokuomba ni hiki. Ficha mkasi. Ficha na kikombe. Zile arobaini na mbili ziweke kwenye bahasha ngumu, na zile duara nne zibandue kwenye fremu kwa mvuke wa birika, taratibu, na kama vipande vya pembeni bado viko kwenye ndoo, inama uvichukue, hata kama vina maganda ya viazi. Usizitume kwa posta. Njoo nazo wewe mwenyewe Jumamosi, na wifi na mtoto. Sanduku nimeshaligundisha upya, vibanio ninavyo. Shangazi nimemwalika, pamoja na baba mdogo na mshona viatu, watu wale wale, sebule ile ile. Hawajui wanachoitiwa; Shangazi ameshauliza kama alete daftari. Nitawaeleza mimi kile nilichokinyamazia mkekani, na mwenye kutaka kuniuliza unaona nini aniulize, nitamjibu.

Halafu tutazirudisha pamoja, moja moja. Wewe utatazama kwenye sanduku kwa macho yako mawili, mimi nitapeperusha kwa jicho langu moja. Lakini nina ombi, na ukinikatalia yote mengine hili usinikatalie. Ukimwona Mama anatoka, usipige kelele. Safari hii niache nijibu mimi kwanza.

Nisalimie wifi sana. Mwambie nimeshapoa, na kwamba nitamnunulia fremu nzuri kuliko ile, yenye nafasi mbili ubavu kwa ubavu. Mama mkwe wako mwombe radhi kwa miwani. Mbusu binti yenu kwenye pengo, umwambie shangazi yake anamsubiri na kuna sanduku la kuchezea. Na akiingiza uso akasema haoni kitu, mumwamini hapo hapo. Mgongo wako uuangalie, usiinue mizigo mizito njiani.

Nami nakuaga hapa, kabla hasira haijarudi kudai ukurasa mwingine.

Ni mimi mdogo wako,

Nukta Mbili